SUNY au NECO: ukikubaliwa kote kusomea optometria (fani ya kupima na kutunza macho)

Aliyepata nafasi SUNY College of Optometry, New York, na pia New England College of Optometry (NECO), Boston, asichague kwa ukubwa wa jina. Vyote viwili hufundisha miaka 4, na wanafunzi wake hufanya mitihani ileile ya kitaifa, NBEO.

Tofauti inayouma ni fedha. SUNY ni chuo cha umma kilichoanzishwa 1971. Mkazi wa jimbo la New York hulipa ada ndogo kuliko mgeni, na wapo wanaotoka majimbo mengine wanaoomba kutambuliwa kuwa wakazi baada ya mwaka wa kwanza. NECO ni cha binafsi. Mlango huo haupo. Mkopo utaendelea kuulipa miaka mingi baada ya kuhitimu, kwa hiyo andika kwenye karatasi ada, riba na kodi ya chumba. Pango ni ghali Manhattan, sehemu ya jiji la New York kilipo SUNY, na Boston vilevile.

Kwa mazoezi, SUNY ina kliniki yake ndani ya jengo lilelile la mtaa wa 42, yenye wagonjwa wa kila namna. NECO, kilichoanza 1894, huwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya jamii, na kazi ya kliniki huanza mwaka wa kwanza. Anayetamani kuhudumia wahamiaji na watu wa kipato cha chini atajifunza mengi huko, na hilo nalithamini sana.

Hata hivyo, asiye na ufadhili ningemshauri SUNY. NECO wakikupa ufadhili mnono, piga hesabu upya kabla ya kulipia nafasi yako.