TAHADHARI wenye steshenari: jamaa anayeuza "dramu" ya HP P1102

Wakuu, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa anapita kwenye maduka ya mitaani hapa Dar na begi mgongoni, anajiita fundi printa. Mdomo mtamu, na wiki iliyopita kanipiga 180,000.

Printa yangu ni HP LaserJet P1102, ilianza kuchora mstari mweusi pembeni mwa karatasi. Akaifungua, akatikisa kichwa kama daktari: "Dada, tona imekwisha, dramu imekufa, na fyuza nayo iko njiani." Nikalipa 130,000 ya katriji "orijino" (kasha lenye tona, yaani unga wa wino) na 50,000 ya dramu (silinda inayobandika unga huo kwenye karatasi). Fyuza nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Mungu kaniepusha.

P1102 inatumia katriji 85A, na dramu imo humo humo ndani. Ukibadilisha katriji, dramu nayo umeshabadilisha. Printa nyingi za leza za Brother ndizo zenye tona mbali na dramu mbali. Kwa mashine yangu, ile 50,000 nilinunua hewa.

Na hiyo katriji yenyewe ilichakachuliwa. 85A mpya ina utepe unaouvuta utoke kabla ya kuichomeka. Hii haikuwa nao, ubavuni ina tundu lililozibwa kwa gundi, na kuishika tu vidole vikawa vyeusi tii. Mpya hutoa kurasa kama 1,600 za maandishi ya kawaida. Hii haikumaliza hata rimu moja, ikafifia. Tena inaacha doa linalojirudia kila sentimita 7.5. Nilipima kwa rula: huo ni mzunguko mmoja wa dramu, yaani dramu ina mkwaruzo. Ndiyo "mpya" yake hiyo!

Fyuza ndiyo inayoyeyusha unga ushike kwenye karatasi. Ikifa, maandishi yanafutika ukiyasugua kwa kidole. Yangu hayafutiki hata kwa mate.

Kujaza tona si kosa, hata mimi hujazisha nikibanwa. Ila niambiwe, nilipe bei ya kujaza.

Simu yangu hapokei tena. Katriji ya zamani aliondoka nayo, eti anisaidie kuitupa. Ubavuni niliitia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu. Ukiuziwa "mpya" yenye rangi hiyo, ujue ni ya kwangu.