Posta ya Port Lockroy: huduma ya kuaminika, njia ndefu, na stempu yenye mgogoro

Kadi inayotoka Port Lockroy, Antaktika, hubeba salamu za aliyeituma na pia dai la Uingereza kwamba eneo lile ni lake. Anayenunua stempu pale ajue hayo yote mawili, kwa sababu bila lile dai posta yenyewe isingekuwepo.

Ofisi iko kwenye kisiwa cha Goudier, kando ya Rasi ya Antaktika, ndani ya Bransfield House: nyumba ya mbao nyeusi yenye fremu nyekundu za madirisha. Waingereza waliweka kituo hapo Februari 1944, katika Operesheni Tabarin, msafara wao wa siri wa kulinda dai lao, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Mwaka mmoja kabla, meli yao Carnarvon Castle ilikuta alama za umiliki za Argentina kwenye kisiwa cha Deception, karibu na rasi hiyo, ikazifuta. Lakini kufuta alama hakutoshi. Dola huonekana pale inapofanya kazi za serikali, na kugonga mhuri wa barua ni kazi ya serikali. Argentina ilikwishalijua hilo: mwaka 1904 ilipokabidhiwa kituo cha utafiti cha Orcadas, kwenye visiwa vya Orkney Kusini, na msafara wa Waskoti, ilimpeleka kijana Hugo Acuña na mhuri wa posta. Chile ikatangaza mipaka ya dai lake la Antaktika 1940. Madai ya nchi tatu yakapandana juu ya rasi ile ile, ambayo Argentina huiita Tierra de San Martín na Chile Tierra de O'Higgins.

Kituo kilifungwa 1962, kikakarabatiwa 1996, na leo kinaendeshwa na shirika la UK Antarctic Heritage Trust wakati wa kiangazi cha kusini, kuanzia Novemba hadi Machi. Njia ya kufika ni meli za watalii, halafu boti za mpira. Kabla ya kushuka, viatu hupigwa brashi na kutiwa dawa; ukoko wa udongo au mbegu iliyonasa kwenye soli hauruhusiwi kugusa kisiwa. Pengwini aina ya gentoo wametaga hadi karibu na mlango. Kaa mita 5 mbali nao, na ndege akipita njiani, yeye ndiye mwenye haki ya kupita.

Kaunta yenyewe inafanya kazi vizuri. Dola za Marekani na kadi za benki hupokelewa. Kinachoharibika zaidi ni wino: kadi ikilowa ndani ya boti, maandishi ya kalamu ya wino wa maji hutawanyika. Andika kwa kalamu ya kawaida ya bolpeni ukiwa bado melini, kisha weka kadi kwenye mfuko usiopitisha maji. Anwani iwe kamili: P.O. BOX na namba, mji, na jina la nchi kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. Kadi ya Moshi au Mombasa isiyo na namba ya sanduku itavuka bahari zote ikakwame kwenye posta ya nyumbani.

Barafu ikiziba bandari, meli haitii nanga. Mara nyingine wahudumu wa kituo hupanda melini na bidhaa zao, lakini usilitegemee hilo.

Kuhusu muda, mtu asidanganywe. Mifuko husubiri meli inayokwenda Stanley, visiwa vya Falkland (Malvinas kwa Waargentina), kisha husafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, na huko ndiko barua hutawanywa duniani. Hesabu wiki nyingi, pengine miezi. Kadi ya Krismasi iliyotumwa Desemba itafika Krismasi imesahaulika.

Wengi huomba pia mhuri wa ukumbusho kwenye pasipoti. Hapo ushauri wetu ni mkali: usigongewe. Si mhuri wa uhamiaji, na kuna maofisa wa mipakani wanaoikataa pasipoti yenye mihuri isiyo rasmi. Gongewa kwenye kadi tupu. Alama ni ile ile.

Turudi kwenye stempu. Maneno "British Antarctic Territory" yamechapwa juu yake tangu 1963, na kwa mkusanyaji ndiyo thamani yake. Lakini Mkataba wa Antaktika, uliosainiwa 1959 na kuanza kazi 1961, unasema katika kifungu cha 4 kwamba hakuna tendo lolote linalofanyika wakati mkataba unadumu litakalokuwa msingi wa kudai, kuunga mkono au kukanusha umiliki. Kwa hiyo maelfu ya kadi zinazogongwa pale kila msimu haziongezi hata shubiri moja ya ardhi kwa Uingereza, wala hazipunguzi ya Argentina au Chile. Mkusanyaji makini asiishie hapa: atafute pia stempu ya Argentina ya 1951 yenye ramani ya dai lake, na zile za Chile za 1947, aziweke ukurasa mmoja na ya Port Lockroy.