Jiliwa gani ununue Lubumbashi: acha rangi, tazama taya

Msomaji wa Kampemba ameniandikia kwa hasira: jiliwa lake jipya, kile kibano cha mezani cha kushikia chuma, linabana sawasawa, ila kila kipande anachokipiga tupa kinatoka kimelala upande. Wengine nao wana kilio hichohicho.

Ukubwa na uzito utajipimia mwenyewe. Mimi nang'ang'ania kitu kimoja: taya la mbele kuinuka unapokaza. Reli ambayo taya huteleza juu yake ikiwa na mchezo, yaani ikilegea, taya hulalia nyuma. Kipande kinabanwa chini, juu kinabaki huru. Kwa hiyo nenda soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, na kipande cha chuma bapa kilichonyooka na vipande vya karatasi ya daftari. Weka karatasi juu na chini, kati ya chuma na taya, kaza, kisha vuta. Ya juu ikichomoka, rudisha jiliwa mezani. Rudia kwenye pembe zote mbili za taya. Muuzaji atanuna, mwache anune.

La kwanza kwangu ni Heuer ya Ujerumani, na upendeleo huu siufichi. Mwili wake ni chuma cha kufua, na reli yake inarekebishwa mchezo ukianza. Lenye taya za milimita 120 linatosha nyumbani. Nikiona lililotumika, nalichukua na kutu yake.

La pili, Record No. 3 la zamani la Sheffield, Uingereza, taya za inchi 4. Hili ni chuma cha kusubu, usilipige nyundo wala kurefusha mpini kwa bomba. Chomoa skrubu yote uone meno ya nati. Ukikuta limechomelewa mwilini, achana nalo.

Yale ya bei rahisi yenye kitako cha kuzunguka? Kitako ni mchezo wa pili juu ya ule wa kwanza. Ukibanwa na pesa, chukua lisilozunguka.

Vifuniko laini vya taya usinunue. Kunja bati nene la alumini. Pesa hiyo iweke kwenye kipande cha chuma chenye mfereji wa V cha kulazia bomba, maana bomba kwenye taya bapa huzunguka ukilitoboa.

Halafu hawa wauzaji! Noti ya dola ikiwa na mpasuko kama ukucha, wanaikataa. Lakini jiliwa lenye ufa, limezibwa mastiki na kupakwa bluu lifanane na Record, wananisukumia kwa bei ya jipya: “Mama, hii ni ya Wazungu, haivunjikake!”