Darasa la kupumua Masaki: maoni ya mkunga

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniuliza kuliko kitu kingine. Ni Sh 50,000 kwa mtu mmoja, dakika 90, unalipa kwa lipa namba kabla hujafika, na ukighairi siku ileile hela hairudi. Kwa pesa hiyo unapewa mkeka, mto, blanketi, kitambaa cha kufunika macho, kikombe cha chai ya mchaichai mwishoni, na ruhusa ya kulia mbele ya watu usiowajua. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouzwa hasa. Mengine ni mapambo.

Mimi ni mkunga, wodi ya wazazi, hospitali ya serikali hapahapa Dar es Salaam. Nusu ya kazi yangu ni kuwaambia watu wapumue. Kwa hiyo shoga yangu wa kazini aliponirushia tangazo la "kupumua ili kuachilia maumivu ya moyo" nilicheka. Nimlipe mtu elfu hamsini anifundishe kuvuta pumzi? Lakini yeye alijua anachokifanya. Tangu kaka yangu afariki sikuwa nimelia sawasawa. Msibani nilikuwa mtu wa masufuria, wa kupokea rambirambi na kuuliza mchele umebaki kiasi gani. Arobaini ikapita, nikarudi zamu. Shoga akaniambia, "Nenda. Usipolia, basi utalala, na usingizi nao unauhitaji."

Nilipanda mwendokasi hadi Morocco, kisha bajaji. Hakuna bango nje, dereva akalipita geti akageuza, akalipita tena. Chumba kiko ghorofani, sakafu ya mbao, kisafi kwelikweli, ila kiyoyozi kinapuliza kana kwamba wanahifadhi samaki. Simu zinaachwa kwenye kikapu mlangoni, na hilo peke yake lilinifurahisha. Tulikuwa mchanganyiko: wageni wachache, wadada wa maofisini, wanaume wawili waliojikalia pembeni wakiwa na soksi zao. Mwalimu ni binti Mtanzania, mpole, ana sauti nzuri ya chini. Aliniamkia shikamoo mbele ya darasa zima, nikaitikia marahaba, nikajua hapa mimi ndiye bibi.

Namna yenyewe ni hii. Unalala chali, mdomo wazi. Unavuta pumzi tumboni, unaongeza nyingine kifuani bila kutoa, halafu unaiachia yote kwa mdomo, na unaanza tena papo hapo, hakuna kupumzika katikati. Spika zinapiga ngoma, mwendo unapanda. Unakwenda hivyo karibu nusu saa. Baadaye ngoma inazimwa, unarudi kwenye pumzi ya pole ya puani, na mwisho mnalala tu kimya mkiwa mmefunikwa blanketi.

Mwalimu alisema hii ni elimu ya kale ya Wahindi. Hapo niliona aibu kidogo kwa niaba yake. Wahindi wana pranayama, mazoezi ya pumzi ya yoga, na ni kweli ni ya kale, lakini sehemu kubwa yake hupitia puani, tena kwa mpangilio na kwa uangalifu. Huku kupumua haraka bila kituo, ngoma ikilia na watu wakilia, kuna baba yake wa karibu zaidi: Stanislav Grof, daktari wa akili mzaliwa wa Prague, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa kwa LSD, dawa inayomfanya mtu aone na ahisi yasiyo ya kawaida. Dawa hiyo ilipopigwa marufuku alitafuta njia ya kuwafikisha watu mahali palepale bila dawa, na yeye na mkewe Christina wakaitengeneza huko Esalen, California, katika miaka ya 1970. Si dhambi kitu kuwa kipya. Kwa nini kivishwe kanzu ya zamani?

Na aliposema kwamba kupumua kwa pamoja kama kundi ni jambo geni kwetu, nilitabasamu chini ya kitambaa changu. Mimi ni wa Bagamoyo. Nimekua nikichungulia madirishani wanaume wa Qadiriyya, tarika ya Kisufi, wakisimama safu kwenye zikri, pumzi ikitoka vifuani mwao kwa mpigo mmoja hadi mbao za dirisha unaziona zinatetemeka. Sheikh Ramiya, aliyeisimamisha tarika hiyo pale mjini, alifariki mwaka 1931. Hao hawatafuti wepesi wa moyo kwa Sh 50,000, wana shughuli nyingine na Mola wao, na sisemi ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba pwani hii pumzi haikuletwa juzi.

Sasa yaliyonipata. Dakika chache za mwanzo ni kizunguzungu na kinywa kukauka. Kisha midomo ikaanza kuwasha na kufa ganzi, halafu mikono. Vidole vikajikusanya, gumba likaingia ndani ya kiganja, kifundo kikapinda. Nikamsikia mwalimu akizunguka kati yetu akisema kwa ile sauti yake tamu kwamba mikono ikikaza ni yale tuliyoyashikilia miaka mingi, hayataki kuachia.

Hapana, binti yangu. Hiyo ni hewa ya ukaa imepungua mwilini. Ukipumua haraka kuliko mwili unavyohitaji, unaitoa nje kupita kiasi, damu inapoteza tindikali yake kidogo, kalsiamu iliyo huru ndani ya damu inapungua, na mishipa ya fahamu inakuwa na hamaki: inawasha, inakaza misuli. Mishipa ya damu ya ubongo nayo hujibana, ndiyo kile kizunguzungu na zile rangi unazoziona. Wala huongezi oksijeni ya maana. Mtu mzima mwenye mapafu mazima, akiwa amekaa tu, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma kati ya asilimia 95 na 100. Hapo utajaza nini tena? Wodini naona mikono hiyohiyo. Mama wa uzazi wa kwanza, uchungu umepamba moto, hofu imemshika, anahema mbio, mara vidole vinakakamaa na anapiga kelele kwamba amepooza. Namshika bega: "Mama, niangalie mimi. Vuta kidogo. Toa taratibu, kama unapoza chai." Baada ya muda vidole vinafunguka. Hajaachilia jambo lolote la utotoni, amepunguza mwendo tu.

Nami nikapunguza mwendo, kimyakimya, bila kumharibia mtu darasa. Jirani yangu wa kushoto alikuwa anaomboleza kabisa, ile sauti ya msibani jeneza linapotolewa. Mmoja wa wale wanaume wa soksi alikuwa anacheka na hawezi kuacha. Mimi nilikuwa mkavu, nikihesabu pumzi za jirani kwa mazoea ya kazi.

Yangu yalikuja ngoma ilipozimwa. Tulikuwa tunatoa pumzi ndefu, moja moja, na nikamsikia kaka. Alikuwa dereva wa lori, njia ya Iringa, na kila akifika Ilula alinipigia: "Sista, nyanya au vitunguu?" Hakuwahi kuniita jina tangu nilipoingia chuo cha uuguzi. Basi, swali hilohilo. Nikalia hadi masikio yakajaa maji, maana ukilala chali machozi hayana pengine pa kwenda. Sikulilia kaburi wala hospitali. Nililia kwa sababu sasa nanunua vitunguu kwa kilo sokoni. Mwalimu akaja, akaweka leso mkononi mwangu, hakusema neno, akaondoka. Kwa hilo nampa alama zote. Kuna watu wengi wa dini na wa dawa hawajui kuondoka kimya.

Kwa hiyo darasa linafanya kazi? Kwangu lilifanya, ila si kwa sababu wanayoitaja. Sidhani ni kule kupumua mbio. Naona ni kulala chini bila simu, macho yamefunikwa, mtu mwingine akishika zamu, na pumzi ndefu ya kutoka ambayo kweli huutuliza moyo. Mapigo hupungua unapotoa pumzi, hili hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanalijua. Kuna utafiti wa Stanford uliotoka 2023 ulioipima pumzi ya namna hiyo: unavuta kwa pua, unaongeza kidogo juu yake, unaachia taratibu kwa mdomo, dakika 5 kwa siku kwa mwezi. Waliofanya hivyo hisia zao njema ziliinuka kuliko za waliokaa kwenye meditesheni ya kawaida. Hiyo unaweza kuifanya kitandani kwako, bure, bila bajaji.

Lalamiko langu kubwa ni fomu. Iliuliza jina, namba ya simu, na kama naruhusu picha. Haikuuliza presha. Haikuuliza mimba, kifafa, ugonjwa wa moyo, presha ya macho, pumu, wala kama mtu ana ugonjwa wa akili wa kusikia sauti au amewahi kulazwa kwa hilo. Hawa wote mtu makini hawaweki kwenye kupumua mbio nusu saa, au kwanza anawatuma kwa daktari wao. Mwenye pumu angalau awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Darasani kulikuwa na dada mwenye tumbo la miezi minne hivi, gauni pana, lakini jicho langu halidanganywi na gauni. Nilimnong'oneza afanye ile ya pole tu, akanishukuru. Baada ya darasa nilimweleza mwalimu pembeni. Hakukasirika, alichukua kalamu akaandika. Shoga yangu aliyekwenda baada yangu anasema fomu sasa inauliza presha na mimba. Kifafa bado.

Ningekushauri darasa lao la Jumatano jioni, la pumzi ya pole, halina ngoma na ni Sh 25,000. Mimi hilo nalirudia. Nyumbani nina watoto, nina jirani anayegonga kuomba chumvi, nina simu ya wodi. Sijaona bado mahali pa kulala sakafuni saa nzima bila mtu kuniuliza ninaumwa nini. La Jumamosi lenye ngoma liende kama mwili wako ni mzima na una hamu ya kujua, na vidole vikianza kukaza punguza mwendo mwenyewe, usingoje kuambiwa.

Usile wali kabla ya kwenda. Chagua mkeka wa upande wa dirishani, mbali na kiyoyozi, na ubebe khanga yako kwa sababu blanketi zao ni fupi. Usipange kuendesha gari mara tu mnapomaliza, kaa kidogo kwenye ngazi kwanza. Na chai iombe bila asali, wanatia nyingi mno.