Uzoefu wangu: Mbeya hadi Kasama kwa treni ya TAZARA

Nimevuka mpaka wa Tanzania na Zambia kwa treni ya TAZARA, shirika la reli la nchi hizo mbili, zaidi ya mara moja, lakini safari ninayotaka kuieleza ni ya mwaka 2019, nilipomsindikiza mama mkubwa kwenda kumwona binti yake aliyeolewa Kasama, kaskazini mwa Zambia. Stesheni ya Mbeya ipo Iyunga, kando ya barabara ya Tunduma, nje kidogo ya mji, kwa hiyo anayetoka Mwanjelwa, mjini kati, na mizigo ahesabu na nauli ya bajaji.

Kilichonivutia kuliko vyote ni tiketi yenyewe. Niliilipia kwa shilingi pale pale Mbeya, na karatasi ile moja ikatufikisha Kasama bila mtu yeyote kutudai nyingine upande wa pili. Aliyewahi kwenda Zambia kwa basi anajua maana yake: unashuka Tunduma mpakani, unabeba mizigo yako katikati ya malori, unapita kwa miguu hadi Nakonde upande wa Zambia, kisha unaanza upya kutafuta gari. Kwa mama wa miaka 70 aliyebeba kilo 20 za mchele wa Kyela kwa ajili ya wajukuu, tofauti hiyo si ndogo.

Tulikata daraja la pili, lenye vitanda sita kwa chumba, wanawake peke yao na wanaume peke yao, tofauti na daraja la kwanza lenye vitanda vinne. Behewa la chakula lilitupa wali kwa kuku, na mama mkubwa, ambaye haamini chakula asichokipika mwenyewe, alimaliza sahani yake kimya kimya.

Tuliikaribia Tunduma giza likianza kuingia. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo huduma hii inapotofautiana na nyingine zote ninazozijua. Treni haibadilishwi. Behewa lile lile, kitanda kile kile, hata thermosi yetu ya chai ilibaki pale ilipokuwa. Maafisa uhamiaji ndio waliopanda, wa Tanzania kwanza na wa Zambia baadaye, wakapita chumba kwa chumba wakigonga mihuri, nasi tumekaa vitandani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Saa yangu ilisema saa 1:30 usiku. Mbele kidogo ikawa saa 12:30 jioni, kwa kuwa Zambia ipo nyuma yetu kwa saa moja. Nilipomwambia mama mkubwa kwamba sasa tumefika ng'ambo, alinikatiza. Yeye ni Mnyamwanga, na Wanyamwanga wapo pande zote mbili za mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890 bila kumwuliza yeyote wa ukoo wake. "Ng'ambo gani, mwanangu?" akasema. "Hapa bado ni kwa mjomba wangu."

Urahisi huo haukuja kwa bahati, na msafiri akiujua ataithamini zaidi tiketi yake. Baada ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kujitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, Zambia ilibaki na shaba nyingi na njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa watu wasioaminika. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakaenda kwa Wachina, mkataba ukatiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Upana wa reli ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na za kusini yake, wala si milimita 1,000 za Reli ya Kati tuliyoachiwa na Wajerumani. Kwa hiyo mpaka wa reli wa kikoloni haukufutika, bali ulihamishwa: sasa upo Kidatu, ndani ya Tanzania yenyewe, ambako mizigo hupakuliwa kwenye mabehewa ya reli moja na kupakiwa kwenye ya nyingine. Jina la treni yetu, Mukuba, ni neno la Kibemba lenye maana ya shaba.

Serikali mbili zinamiliki shirika hili nusu kwa nusu. Makao makuu yapo Dar es Salaam, sehemu ya reli iliyo Zambia inaendeshwa kutoka Mpika, na kwa kawaida mkurugenzi mtendaji hutoka Zambia, naibu wake Tanzania. Mpangilio huo unapendeza kwenye karatasi, ila nyumba yenye wenye nyumba wawili paa likivuja kila mmoja humtazama mwenzake. Reli iliyojengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilishuka hadi chini ya tani 100,000 mwaka wa fedha 2014/15, vichwa vya treni vikiwa vichache na mtaji ukiwa haba. Mwezi Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua. Kwangu mimi jaribio litakuwa dogo tu: je, tiketi itabaki moja?

Hasara niliyoipata safarini niliitafuta mwenyewe. Pale mpakani kijana mmoja alipita dirishani akibadilisha fedha, nami nikampa shilingi katika mwanga hafifu. Ndani ya kwacha alizonipa kulikuwa na noti moja ya 10,000, na nakiri kwamba nilipoziona sifuri zile nilidhani ni yeye aliyekosea, nikainyamazia. Asubuhi Kasama, muuza sukari aliigeuza mara mbili, akacheka, akamweleza dada yangu kwa Kibemba kwamba noti hiyo ilikwisha kufa: Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye fedha yake Januari 2013, na hata ingekuwa hai ingekuwa kwacha 10 tu. Mama mkubwa alisimulia kisa hicho kwa kila mgeni aliyekuja kutusalimu, siku tisa mfululizo.

Anayekusudia kusafiri aulize kwanza stesheni ya Mbeya siku za treni, kwa sababu ratiba za abiria zimekuwa zikibadilika. Abadilishe fedha mchana, dukani, na kama ni Juni au Julai abebe blanketi zito, kwani usiku wa Nakonde una baridi kama wa Uyole, kwetu Mbeya.