Miaka miwili na umeme wa sola kisiwani: mita iliyonikera, na betri

Siandiki kwa furaha ya siku ya kwanza. Siku ile sote, wazee kwa vijana, tulikuwa tunawasha taa na kuzizima ili tu tuone. Hii ni baada ya miaka miwili.

Kabla yake tulikuwa na jenereta ya dizeli. Mafuta yaliletwa kwa mashua, na bahari ikichafuka tulikaa gizani. Hata mafuta yakiwepo, ilizimwa mapema usiku: injini kubwa hunywa mafuta hata ikiwa inawasha taa chache tu, hivyo kuiacha ikikesha ilikuwa hasara. Kelele zake sizitamani hata kidogo.

Sasa tuje kwenye mita. Kila nyumba ina kikomo cha umeme inaoweza kuvuta kwa wakati mmoja. Ukizidisha, mita inakukatia. Wiki ya kwanza nilikatiwa mara nne, nikapiga simu nikiwa nimefura kwamba nimeuziwa umeme nusu. Fundi akaniuliza swali moja: "Umewasha nini na nini?" Birika na pasi. Birika peke yake huvuta kama kilowati 2, na pasi nayo huzidi 1. Taa zangu zote za LED kwa pamoja hazifikii hata moja ya kumi ya birika. Nikawa mpole.

Baadaye nikasoma habari za Eigg, kisiwa kidogo cha Scotland ambacho mwaka 2008 kilianza kutumia gridi yake yenyewe ya maji, upepo na jua. Huko nako kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5, na biashara 10. Kumbe si uchoyo. Kisiwa kisicho na waya wa kutoka bara hakina pa kuazima umeme; mmoja akivuta kupita kiasi, wote wanapungukiwa. Ila kikomo chetu ni kidogo kuliko chao, na hapo bado nina neno: jirani yangu anayechomelea vyuma angali anawasha jenereta yake binafsi, maana mashine yake haivumiliki kwenye mfumo huu.

Betri ndiyo niliyochelewa kuielewa. Tulipoonyeshwa mradi, kila mtu aliangalia paneli na kuzihesabu. Msimu wa mvua ulipofika, mawingu yakatanda siku nne mfululizo, na siku ya tatu tukaanza mgao. Ta'u, kule Samoa ya Marekani, waliweka betri zinazoweza kukibeba kisiwa siku 3 bila jua. Hilo ndilo swali ambalo sisi hatukuuliza: bila jua, siku ngapi? Ulizeni pia ni betri za aina gani. Za asidi zikishushwa chini ya nusu kila siku hufa mapema; za lithiamu huvumilia zaidi. Joto linaziumiza zote mbili, na zetu zilikaa mwaka mzima ndani ya chumba cha bati kisicho na hewa mpaka tulipopiga kelele.

Paneli hazijanisumbua, ni kuzifuta vumbi na chumvi tu. Hiyo chumvi lakini imekula viungio vya nyaya, na viwili vimeshabadilishwa.

Siku hizi napiga pasi na kuwasha pampu ya maji saa sita mchana, jua likiwa kali na betri zimejaa. Usiku friji inaendelea kunguruma, taa ya nje inawaka hadi alfajiri, na kwa mara ya kwanza nasikia mawimbi nikiwa kitandani. Kwa hilo peke yake nisingekubali kurudi kwenye dizeli.

Wenye mradi nawapa nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka mvua zijazo.