Uzoefu wangu na smartmontools: SSD iliyokuwa "inakufa" kila laptopu ikiamka

Laptopu yangu ya Linux Mint ilikuwa na tatizo moja, ila zito. Ukifunga mfuniko ikalala, ukifungua skrini inarudi vizuri, kishale kinasogea, halafu sekunde chache baadaye kila kitu kinagoma. Ukiandika `ls` unajibiwa `Input/output error`. Hapo hakuna njia ila kushikilia kitufe cha kuzimia. Ukiiwasha upya, kazi inaendelea kama kawaida. Fundi aliitazama akasema SSD (diski ya kuhifadhia data) imeshakwisha, ninunue nyingine.

Nashukuru kabla ya kutoa pesa nilinakili mafaili yangu kwenye diski ya nje, kisha nikaweka smartmontools: `sudo apt install smartmontools`, halafu `sudo smartctl -a /dev/nvme0`. Ni programu huria, haina malipo. Diski hujiwekea yenyewe rekodi ya afya yake. Kazi ya smartctl, amri inayokuja na smartmontools, ni kuisoma na kukuonyesha. Tafadhali usiishie kwenye neno PASSED (imefaulu), maana hata diski inayoelekea kufa inaweza kulipata. Kwenye NVMe, aina ya SSD ya kasi kama yangu, tazama Critical Warning (onyo la hatari), Percentage Used (kiasi ilichochakaa), na hasa Media and Data Integrity Errors (makosa ya data). Kwangu hiyo ya mwisho ilisoma 0. Iliyokuwa imepanda ni Unsafe Shutdowns, yaani zile mara zote nilizoizima kwa nguvu. Diski yenyewe ilikuwa nzima.

Mwenye diski ya SATA, aina ya zamani zaidi, aangalie Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, yaani hesabu za sehemu mbovu za diski. Zikiwa zinapanda, hamisha data leo hii. UDMA_CRC_Error_Count (makosa ya kusafirisha data) ikipanda, mara nyingi mkosaji ni kebo.

Kwa nini basi diski nzima isiamke? Hilo smartctl haikuweza kuniambia, na ndio mwisho wa uwezo wake. Jibu liko kwenye ujumbe wa keneli (kiini cha Linux kinachoendesha vifaa), lakini kuupata kuna kazi: diski ikishapotea, mfumo hauna pa kuandikia, kwa hiyo ukiwasha upya na kufungua `journalctl`, kumbukumbu za mfumo, hukuti kitu cha maana. Nilichofanya ni kuacha `sudo dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa keneli papo hapo, ikiwa wazi kwenye terminali moja, na kwenye nyingine nikaandika `sudo rtcwake -m mem -s 60`, amri inayoilaza kompyuta na kuiamsha baada ya sekunde 60. Kwa kuwa dmesg ilishapakiwa kwenye RAM, iliendelea kuandika kwenye skrini hata diski ilipotoweka:

`nvme nvme0: controller is down; will reset: CSTS=0xffffffff`

Hizo F tupu maana yake keneli imeuliza hali ya diski na hakuna aliyejibu. Baada ya hapo zikafuata hitilafu za EXT4, mfumo wa mafaili wa diski hiyo.

Keneli ya Linux tangu toleo la 4.11, la mwaka 2017, huiruhusu NVMe ijishushe yenyewe kwenye hali za kutumia umeme kidogo. Baadhi ya diski zikizama huko hazirudi. Nilifungua `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya kuwasha Linux, nikaongeza `nvme_core.default_ps_max_latency_us=0`, inayozuia diski kujishusha hivyo, ndani ya nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, nikamalizia na `sudo update-grub` na kuwasha upya. Sasa inalala na kuamka bila shida. Betri inaisha haraka kidogo, nami nimeridhika na bei hiyo. Kama kwako haikusaidia, soma `/sys/power/mem_sleep`: ikiwa s2idle (usingizi mwepesi) ndiyo yenye mabano, yaani inayotumika, na deep (usingizi mzito) ipo pembeni, jaribu kuhamia deep. Sasisho la BIOS, programu ya msingi ya kompyuta, nalo linafaa kujaribiwa.

Smartmontools naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeikata kwa sababu matokeo yake ni msururu wa maneno na namba ambao mgeni hajui aanzie wapi. Asiyependa terminali aweke GSmartControl, ambayo huonyesha taarifa hizohizo kwenye dirisha.